Rangi Ni Zangu, Gemu Ni za Wenyewe

Mwaka nilioacha chuo nilinunua laptopu ya mtumba. Windows iliyokuwemo ilikuwa nzito. Ungeweza kuchemsha chai ukisubiri faili moja ifunguke. Rafiki akaniwekea Linux. Usiku huo nikabadilisha rangi, aikoni, hata mahali pa saa. Nikahisi, kumbe hiki kitu ni changu.

Linux yenyewe ilianzishwa na mwanafunzi. Mwaka 1991, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 jijini Helsinki, alitangaza mfumo aliokuwa akiuunda kwa kujifurahisha tu, na msimbo wake akauacha wazi. Kwa sababu ya uwazi huo, kila mtu angeweza kuupamba atakavyo. Mwaka 2006 ikaja Compiz, ikageuza skrini kuwa mchemraba unaozunguka.

Lakini gemu? Hapo watu walikwama. Gemu nyingi ziliundwa kwa ajili ya Windows, na msimbo wake ulifungwa. Tangu 1993 watu wa Wine walijaribu kuziwezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux. Kwa miaka mingi ilikuwa bahati nasibu. Agosti 2018 kampuni ya Valve ikatoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine. Mwaka 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, kifaa cha gemu chenye Linux ndani.

Siku hizi nacheza vizuri tu. Ila Steam ni duka la Valve, na msimbo wake umefungwa. Mwenye duka akifunga mlango, nitabaki na rangi zangu.