Hesabu Zilizokataa Kulingana: Habari za Jeni Zilizofungamana

Wasikilizaji, wazee wetu walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Neno hilo ni la kweli. Walakini yako mambo ambayo kila kiumbe huzaliwa nayo, wala malezi hayayaondoi. Leo nataka kuwaeleza jinsi wanazuoni walivyogundua kwamba mambo hayo hurithiwa kwa mpango unaoweza kuhesabiwa.

Mtu wa kwanza kuuona mpango huo alikuwa Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, aliyepanda njegere bustanini na kutangaza matokeo yake mwaka wa 1865. Alionyesha kwamba kila sifa huongozwa na vitu viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, ambavyo siku hizi twaviita jeni. Jeni tawala hujionyesha hata ikiwa moja. Jeni fiche hujionyesha tu zikiwa mbili pamoja. Tena, sifa mbili zikifuatwa kwa wakati mmoja, kila moja hushika njia yake, wala haimngojei mwenzake.

Ulimwengu haukumsikiliza hata mwaka wa 1900, naye alikwisha fariki mwaka wa 1884. Lakini mara kanuni yake ilipofufuliwa, ilipata mashaka. Mwaka wa 1905 Waingereza William Bateson, Edith Saunders na Reginald Punnett walichunguza ua moja la jamii ya njegere. Walichanganya mmea wa maua ya zambarau na chavua ndefu pamoja na mmea wa maua mekundu na chavua ya mviringo. Katika wajukuu 381 walitazamia kwamba 24 hivi tu wangekuwa wekundu wenye chavua ya mviringo, wakapata 55. Zile aina mbili zilizochanganya sifa za wazee, ambazo kila moja ilipasa kuwa 71 hivi, zilikuwa 21 na 21 tu. Waliona wazi ya kuwa sifa zile zimeshikana, lakini sababu yake hawakuifumbua.

Sababu ilipatikana Marekani, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako Thomas Hunt Morgan alifuga inzi wadogo wa matunda ndani ya chupa. Njia yake kuu ilikuwa ile ya kumjaribu chotara, nayo ni rahisi kufahamika. Humchukua chotara, mwenye jeni tawala na fiche pamoja, ukamzalisha na mwenzi mwenye jeni fiche tupu. Mwenzi huyu hana cha kuficha wala cha kufunika. Basi kila mtoto huonyesha waziwazi yale aliyopewa na chotara.

Tazameni mfano. Inzi jike chotara alikuwa na jeni za macho mekundu na mabawa mazima kutoka kwa mzazi mmoja, na za macho ya zambarau na mabawa yaliyodumaa kutoka kwa mwingine. Alizalishwa na dume mwenye macho ya zambarau na mabawa yaliyodumaa. Watoto walikuwa 2,839. Kama kila jeni ingeshika njia yake, kila aina ya watoto wanne ingekaribia 710. Lakini walihesabiwa hivi: macho mekundu na mabawa mazima 1,339, zambarau na yaliyodumaa 1,195, mekundu na yaliyodumaa 151, zambarau na mazima 154.

Afanyeje mwanafunzi apewapo hesabu kama hii? Kwanza, atafute aina mbili zilizo nyingi: hizo ndizo zilizofuata wazee. Pili, ajumlishe mbili zilizo chache: 151 na 154 ni 305. Tatu, agawanye kwa jumla yote: 305 kwa 2,839 ni karibu 11 katika 100. Jeni hizo, basi, zimekaa katika kromosomu moja, kama shanga katika uzi mmoja. Na wale wachache wamezaliwa kwa sababu nyuzi mbili zilikatika na kubadilishana vipande kabla ya yai kufanyika. Kama jibu lingekuwa 50 katika 100, asingeweza kuzitofautisha na jeni zilizo mbalimbali kabisa.

Mwaka wa 1911 Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Morgan ambaye alikuwa bado hajahitimu, alitambua ya kwamba shanga zilizo mbali hutenganishwa mara nyingi, na zilizo karibu mara chache. Akachukua hesabu hizo nyumbani, akaacha kazi zake za shule, na kabla ya kucha alikuwa amechora ramani ya kwanza ya jeni, iliyochapishwa mwaka wa 1913. Mwili wa manjano na macho meupe viliachana kama mara 1 katika 100. Macho meupe na macho mekundu ya kung'aa kama 30. Manjano na mekundu ya kung'aa kama 32. Umbali mkubwa ndio miisho miwili. Basi macho meupe yamo katikati. Mwaka wa 1931 Harriet Creighton na Barbara McClintock walithibitisha kwa darubini, katika mahindi, kwamba vipande vya kromosomu hubadilishana kweli.

Jambo hili lamhusu mkulima pia. Ikiwa jeni ya kustahimili ugonjwa imefungamana na jeni ya mavuno haba, kwa umbali wa 1 katika 100, basi katika jaribio kama hili mmea mmoja tu kati ya 200 utakuwa na ile nzuri bila mbaya. Apandaye 20 atakata tamaa, aseme haiwezekani. Apandaye 1,000 na kuhesabu kwa subira aweza kutazamia mitano. Haba na haba hujaza kibaba.