Asili ya Kuainisha: Tumbili wa Amboseli na Ngeli za Kiswahili

Wanasarufi wamezoea kuanza historia ya ngeli kwa Wilhelm Bleek, ambaye katika sarufi linganishi aliyoanza kuichapisha mwaka 1862 alizipa ngeli za Kibantu nambari. Mazoea hayo yana manufaa, lakini humfanya msomaji adhani kwamba kuainisha ni kazi ya lugha, na hasa ya viambishi. Hatuna budi kurudi nyuma zaidi.

Tumbili hawana sarufi. Hata hivyo, Thomas Struhsaker, aliyewachunguza katika mbuga ya Amboseli miaka ya 1960, alibaini kwamba hutoa mlio mmoja wamwonapo chui, mwingine kwa tai, na mwingine kwa nyoka. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walieleza jinsi walivyowasikilizisha tumbili wa huko huko milio iliyonaswa kwa kinasasauti, pasipo adui karibu. Kwa mlio wa chui walikimbilia mitini; kwa wa tai walitazama juu au wakaingia vichakani; kwa wa nyoka waliangalia chini majanini. Makundi haya, basi, yanafuata njia ya kuokokea: akimbiliaye kileleni wakati wa tai amejipeleka mwenyewe. Watoto wao hupiga mlio wa tai hata kwa ndege wasio na madhara, na pengine kwa jani linaloanguka, lakini si kwa mnyama atembeaye. Mipaka mikubwa wanayo mapema. Midogo hufunzwa na maisha.

Kiswahili nacho kina mpaka wa namna hiyo. Neno "kifaru" lina kiambishi sawa na cha "kisu", nasi twasema "kifaru amekuja". Sarufi za zamani, zilizopanga nomino kwa viambishi, zililiona jambo hili kuwa la kando. Upangaji wa A-WA na KI-VI unaofundishwa shuleni Kenya umelipa haki yake. Lakini kifaru cha vita kilipokuja, wasemaji walisema "kimekuja" bila kungoja mwanasarufi yeyote. Neno ni lile lile. Kilichoamua ni uhai. Mpaka huo, hata hivyo, mwanadamu huuvuka kwa makusudi: asemaye "kijitu kile kimefika" anajua vyema amemtoa mwenziwe katika kundi gani, na aliyesemwa anajua pia.