Sertorius, jenerali aliyefia ukimbizini

Tukisoma Roma huwa tunaishia kwa Julius Caesar. Leo tumemchagua jamaa ambaye wengi wetu hatukumjua, Quintus Sertorius, maana naye alikuwa mkimbizi.

Alizaliwa Nursia, Italia. Baba alifariki mapema, akalelewa na mama yake. Mwaka 105 K.K., jeshi la Roma lilipovunjwa karibu na mto Rhône, kijana huyo aliogelea akavuka akiwa na majeraha na ngao yake mkononi. Vita vingine vikamchukulia jicho moja.

Kilichomfukuza kwao ni siasa. Waroma walipopigana wenyewe kwa wenyewe, yeye alikuwa kinyume na Sulla. Sulla akashinda mwaka 82 K.K., akabandika majina hadharani: ukiandikwa humo, yeyote anakuua na analipwa. (Mambo ya majina kwenye orodha hatuna haja ya kuwaeleza.) Sertorius alikuwemo. Alikuwa Hispania, akafukuzwa na huko, akavuka mpaka Mauretania, upande wa Moroko ya leo. Mwaka 80 K.K. Walusitani, watu wa Ureno ya sasa, wakamwita awaongoze.

Aliwasumbua sana majenerali wa Roma, Metellus na hata Pompey. Alikuwa na paa mweupe aliyemfuata kila mahali. Akipata habari ya siri, anasema paa ndiye kamwambia. Hapo tulicheka.

Ila tulipofika Osca hatukucheka tena. Katika mji huo alifungua shule ya watoto wa machifu. Wakafundishwa Kigiriki na Kilatini, wakavalishwa toga kama watoto wa wakubwa wa Roma, ada akalipa yeye, na waliofanya vizuri wakapewa zawadi. Wazazi walifurahi mno. Kumbe, Plutarch anaandika, watoto wale walikuwa mateka. Wenyeji walipoanza kumwasi, Sertorius aliwaua baadhi na wengine akawauza utumwani.

Tulibishana mpaka giza likaingia. Kuna waliosema vita ni vita, na wazazi ndio waliovunja ahadi. Wengine wetu tulikataa, yaani mtoto kaja na kibao chake cha kuandikia, kosa lake nini? Sisi tunaosubiri nafasi za masomo kila mwaka tunajua furaha ya mzazi siku mtoto anapochukuliwa shule.

Na bado jamaa mwenyewe alitamani nyumbani. Hata alipokuwa anashinda, alituma ujumbe kwamba ataweka silaha chini akiruhusiwa kurudi. Aliposikia mama yake amekufa, alilala hemani siku saba, hataki kuona mtu.

Mwaka 73 au 72 K.K. alichomwa visu karamuni. Aliyepanga ni Perperna, Mroma mwenzake, mkimbizi kama yeye. Pompey akamkamata Perperna, akamuua.

Plutarch kaandika jina la mama, kaandika na habari za paa. Wale watoto wa Osca hakutaja jina hata moja.