UZI: Daraja tulilozoea kuvuka bure, serikali inaweza kulitoza?

Hapa Kakamega ukitaka makofi jukwaani, sema hakuna sheria inayoruhusu geti kwenye barabara iliyojengwa kwa kodi yetu. Mpinzani wako atajibu kwamba dunia nzima watu hulipa. Wote wawili wanaruka historia. Twende pole pole.

Mombasa ndio walianza mapema. Daraja la kwanza la Nyali, lile lililokuwa likielea, lilifunguliwa 1931 na ulilipa ndio uvuke. Hapo hakuna utata mkubwa: mwanzo kulikuwa na maji, sasa kuna daraja, unalipia kitu kipya.

Utata ulikuja baadaye. 1984 Bunge lilipitisha Sura ya 407, sheria ya kutoza ushuru kwenye barabara za umma. Kuelekea miaka ya 90, vituo vya kulipia vikawa kwenye barabara ambazo watu walikuwa wanazitumia tayari. Waulize wazee waliopanda basi za Nairobi enzi hizo, watakutajia Gilgil.

Halafu 1993 ikaja sheria ya hazina ya matengenezo ya barabara. Vituo vikafungwa, ushuru ukahamia kwa mafuta. Hiyo ndiyo sehemu watu husahau. Tulibadilishana: geti litoke, kila lita ilipe. Tangu Julai 2024 ni shilingi 25 kwa lita, kutoka 18. Mtu wa boda pale Lurambi analipa kila akijaza tangi, hata kama hajawahi kufika Nakuru.

Lakini Sura ya 407 haikufutwa. Kwa hivyo "hakuna sheria" si kweli. Swali gumu liko kwa Katiba ya 2010. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi bila sheria. Cha 209 kinaruhusu serikali kutoza ada kwa huduma inayotoa. Sasa, geti kwenye daraja la zamani ni kodi au ni ada? Na kama ni ada, huduma gani mpya hiyo, ikiwa matengenezo tayari tunayalipia kwa petroli?

Nairobi Expressway ya 2022 ilikwepa swali hili, kwa sababu barabara ya chini ilibaki bure. Rironi hadi Mau Summit, kazi iliyozinduliwa mwishoni mwa 2025, haiwezi kulikwepa. Inapanuliwa barabara ileile. Na sisi, upite Kericho au Eldoret, utaibukia Mau Summit tu. Unalipia lami ipi, ya jana au iliyoongezwa?

(Kuna anayeuliza kama kaunti inaweza kuweka geti lake pale Nzoia, njia ya Webuye. Hapana. A1 ni barabara kuu ya kitaifa, na 209(5) inakataza kaunti kutoza kwa njia inayovuruga usafiri wa watu na bidhaa nchini.)

Binafsi sipingi geti. Ila mwanasiasa akija kulitetea, muulize zile shilingi 25 zitashuka hadi ngapi.