Kibembezi, si Kizalisha Sauti

Nimeliona tena, safari hii katika maelezo ya kutengeneza ogani ya umeme yanayopitishwa mkono kwa mkono kati ya mafundi redio wa Makiso, hapa Kisangani: osilateri imeandikwa "kizalisha sauti". Waliokaa kitako kulipitisha neno hilo hawajapata kuifungua ogani. Osilateri haizalishi sauti hata chembe. Sauti huzaliwa kwenye spika. Kabla ya hapo kuna umeme tu, unaokwenda na kurudi. Mwanafunzi tayari ameteswa na "kipaza sauti", ambacho ni maikrofoni kwa huyu na spika kwa yule. Kwa nini tumwongezee fumbo jingine?

Wapo wanaotetea "kitetemeshi". Nao wamepotea, ingawa si mbali. Mtu hutetema kwa homa au kwa hofu, bila mpigo wa kuaminika. Tena ogani yenyewe ina swichi ya vibrato, inayopandisha na kushusha noti kidogo kidogo. Kitetemeshi ni hicho. Tukiligawa neno ovyo, swichi hiyo tutaiitaje?

Neno ni kibembezi. Linatokana na bembea, na mzizi huo umezaa bembeza, kisha bembeleza, kazi ya mama anapomlaza mtoto kwa mwendo uleule usiobadilika. Umbo lake halina ugeni: kokotoa ilitupa kikokotozi, na wahasibu wanalo hadi leo. Waroma nao walipita njia hiyo. Oscillum kwao kilikuwa kinyago kidogo kilichotundikwa mtini kibembee kwa upepo, na ndicho kilichowapa Wafaransa neno lao oscillateur. Nilipolitetea kibembezi mbele ya wajuzi fulani, niliambiwa ni neno la kitoto. Hoja hiyo haikunishawishi wakati ule, wala hainishawishi sasa. Ndani ya saketi, koili na kapasita hupokezana umeme, huku na huko, kwa muda uleule kila mara. Huko ni kubembea, na Kiswahili hakina neno lililo karibu zaidi.

Kwa matumizi: Farfisa Compact, ogani ya Kiitalia ya miaka ya 1960, ina vibembezi 12, kimoja kwa kila noti ya oktava, na vigawanyishi vinavyokata masafa nusu kwa nusu: kwa noti ya La, hezi 1,760 huwa 880, 880 huwa 440. Noti za La zote zikinyamaza, shuku kibembezi; zikinyamaza za chini tu, shuku kigawanyishi. Hammond B-3 haina kibembezi cha noti. Noti zake hutoka kwenye magurudumu 91 ya chuma yanayozungushwa na mota inayofuata masafa ya umeme, ndiyo maana jenereta ya umeme ikipunguza kasi, noti zote hushuka pamoja.

Walimu wa ufundi wa Kisangani, futeni "kizalisha sauti" katika daftari za wanafunzi wenu kabla halijazoeleka.