Ua la buluu la mwisho wa mvua: namna ya kulitambua

MVUA za Mtwara zinapoelekea ukingoni, kati ya Machi na Mei, maua madogo ya buluu huchanua chini ya mikorosho, kando ya mitaro na katika viwanja vya wazi, kuanzia mjini na Mikindani hadi vijiji vya karibu na mlango wa Mto Ruvuma.

Mengi ya maua hayo ni ya mmea uitwao kitaalamu Commelina benghalensis, ambao baadhi ya wakazi wa pwani huuita kongwa. Ni mmea wa asili wa maeneo ya joto ya Afrika na Asia. Kwa mpita njia ni pambo, kwa mfugaji ni majani ya mbuzi na sungura, na mahali pengi barani Afrika majani yake machanga hupikwa kama mboga. Kwa mkulima ni gugu sugu, na asiyelitambua mapema hupoteza nguvu na fedha.

Alama zake

Ua lina petali tatu: mbili za juu ni pana na za buluu, ya tatu iliyo chini ni ndogo. Hufunguka asubuhi na kunyauka ifikapo mchana, hivyo anayelitafuta jioni hatalikuta.

Ua huchomoza kutoka katika kifuko cha kijani chenye umbo la faneli, ambacho kingo zake zimeungana upande wa chini. Majani ni mapana kiasi, yenye umbo la yai, na mdomo wa ala inayolikumbatia shina huwa na vinyweleo vya rangi ya kahawia nyekundu. Shina ni laini, hutambaa, na huota mizizi kila kifundo kinapogusa udongo.

Alama ya uhakika zaidi iko ardhini. Mmea ukifukuliwa kwa uangalifu, huonekana vishina vyeupe vyenye maua yasiyofunguka, ambayo hujichavusha na kutoa mbegu humo humo udongoni.

Inayofanana nao

Commelina diffusa nayo ina maua ya buluu, lakini majani yake ni membamba na kingo za kifuko chake hazikuungana. Evolvulus alsinoides, mmea mdogo wa sehemu kavu, una ua la mviringo lenye ncha tano na hauna kifuko. Ua la namna hiyo likiwa la njano, huenda likawa la Commelina africana.

Jina la jamii hii lilichapishwa rasmi na Carl Linnaeus wa Sweden mwaka 1753, na linauenzi ukoo wa Commelin wa Uholanzi. Alifananisha petali mbili kubwa na wanabotania Jan na Caspar, na ile ndogo na ndugu yao aliyefariki kabla ya kutimiza lolote katika fani hiyo.

Kwa nini ni muhimu

Jembe likilikata shina vipande na kuviacha kwenye udongo wenye unyevu, kila kipande chenye kifundo chaweza kuota upya. Dawa ya magugu aina ya glaifosati nayo mara nyingi hushindwa kuuangamiza. Marekani iliuweka katika orodha ya shirikisho ya magugu hatari mwaka 1983, na baadaye ukawa tishio kubwa katika mashamba ya pamba ya jimbo la Georgia.

Palizi yenye tija ni ya mapema, kabla mbegu za chini hazijakomaa: mmea ung'olewe pamoja na mizizi, ukusanywe na kuanikwa juani mbali na shamba hadi ukauke kabisa.

Anayetaka kuuchuma kwa mboga hana budi kuthibitisha alama zote, wala asitosheke na rangi ya ua, na aepuke ulioota kwenye mitaro ya maji machafu au shamba lililopuliziwa dawa.