Mugongo na miguu inayouma siku nyingi: sababu, matunzo na alama za kukimbilia hopitali

Bukavu, wamama wanapanda milima na mizigo ya makala na unga, kamba ikipita kwenye paji la uso. Goma, vijana wa chukudu wanasukuma gunia za viazi na mbao. Vijijini, mukulima anainama na jembe tangu asubuhi. Jioni wote wanalalamika kitu kimoja: mugongo. Wakati maumivu yanashuka kwenye tako mpaka muguu, na yanakaa wiki na miezi, woga unaingia. Mumoja anasema ni mishipa, mwingine anasema umekanyaga dawa ya mutu.

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema maumivu ya chini ya mugongo ndiyo sababu ya kwanza duniani ya watu kuishi na ulemavu. Mwaka wa 2020, watu milioni 619 walikuwa nayo. Karibu wagonjwa 9 juu ya 10 hawana ugonjwa mwingine unaojulikana nyuma yake. Lakini kati ya wale wanaobaki, kuna ambao watapoteza miguu kama wanachelewa. Basi kazi kubwa ni kujua wewe uko upande gani.

Maumivu yanatoka wapi?

Mara nyingi ni nyama na viungo vya mugongo vilivyochoka. Inauma ukiinama ao ukinyanyua kitu, lakini miguu iko na nguvu yake.

Sababu ya pili ni diski. Kati ya mifupa ya mugongo kuna kitu laini, sawa kamuto kadogo. Kikitoka nafasi yake, kinafinya neva inayoshuka kwenye muguu. Ndiyo maumivu ya siatiki: yanatembea kutoka tako, nyuma ya paja, mpaka kwenye vidole, sawa moto ao umeme, na mara nyingi ni muguu mumoja. Ukikohoa ao ukipiga chafya, inazidi.

Kwa wazee, njia ya neva inaweza kuwa nyembamba. Muzee anatembea kidogo, miguu inakuwa mizito, anaikaa ao anainama mbele, inapoa.

Kuna pia sababu ambazo hazitoke kwenye mifupa ya mugongo. Figo inauma pembeni, pamoja na homa na mukojo unaochoma. Ugonjwa wa sukari unaleta moto na ganzi kwenye nyayo. Mutu wa drepanositozi anaumwa mifupa kwa vipindi. Na muguu mumoja ukivimba gafula na kuuma nyuma, inaweza kuwa damu imeganda ndani: hapo usisugue, enda hopitali siku ileile.

Kifua kikuu kinaweza kuingia mugongoni

Watu wengi wanajua kifua kikuu ni kukohoa. Lakini mikrobe yake inaweza kukaa kwenye mifupa ya mugongo na kuikula polepole. Wanganga wanaita ule ugonjwa « mal de Pott », kwa jina la Percivall Pott, munganga wa Uingereza aliyeuandika mwaka wa 1779. Mugonjwa anaweza kuwa nao bila kukohoa hata siku moja.

Unaanza kimya: mugongo unauma hata ukipumzika, homa ndogo ya jioni, jasho la usiku, kilo zinashuka. Kisha kinundu kinatokea mugongoni, na miguu inaanza kulegea. Mwanzoni picha, ile tunaita « radio ya mugongo », inaweza kutoonyesha kitu. Kama alama zinaendelea, rudi, usiseme « picha ilikuwa nzuri ».

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unapona. Dawa za kifua kikuu ni za bure katika vituo vinavyotunza ugonjwa huo hapa nchini Kongo. Zinamezwa miezi 6 ao zaidi. Kwa mifupa, munganga anaweza kuongeza mpaka 9 ao 12. Anayeanza mapema, mbele miguu haijalegea, ana bahati kubwa ya kutembea vizuri.

Shindano la kila wiki

Tabia moja inaharibu watu: kwenda farmasi ya kando ya barabara kila wiki kutafuta shindano la mugongo. Diklofenaki inapunguza maumivu, lakini ikitumiwa siku nyingi inaumiza tumbo na figo. Deksametazoni na prednizoloni ni hatari zaidi: zinapandisha sukari, zinalegeza mifupa, na zinaficha kifua kikuu huku kinaendelea kukula. Mugonjwa anajisikia vizuri siku tatu, ugonjwa unaenda mbele.

Tena shindano la tako likipigwa mubaya linaweza kugusa ile neva ya siatiki yenyewe. Ukisikia umeme kushuka mpaka kwenye muguu wakati sindano inaingia, sema papo hapo aitoe. Kuchanjwa na wembe uliotumiwa kwa mwingine kunaweza kukupa virusi vya ukimwi ao homa ya ini.

Kama hakuna alama ya hatari, fanya nini?

Usilale kitandani wiki nzima. Siku moja ao mbili zinatosha, kisha tembea kidogo kidogo, kila siku zaidi. Kitambaa cha maji ya moto kinasaidia. Ibuprofeni inamezwa kisha kula, siku chache tu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo ao mimba asiimeze bila kuuliza. Siatiki nyingi zinapoa bila operesheni ndani ya wiki 6 mpaka 12. Kama kuna kine karibu, mazoezi yake yanafaa kuliko kufunga mukaba kutwa.

Kumwambia mama « acha kubeba » ni rahisi, lakini muzigo ule ndio chakula ya watoto. Basi tugawe: safari mbili na nusu ya muzigo. Piga magoti wakati wa kunyanyua, kitu kikae karibu na tumbo. Na baba na vijana wa nyumba washike mabidoni ya maji.

Alama za kutongojea

Enda hopitali leo, hata usiku, ukiona mojawapo:

– mukojo hautoke, ao mukojo na choo vinatoka bila wewe kujua;
– ganzi katikati ya mapaja na sehemu za siri;
– muguu unapoteza nguvu, unyayo unaburuta chini;
– maumivu yamekuja kisha kuanguka ao aksida ya moto.

Kwa hizi tatu za kwanza, tunahesabu masaa, si wiki.

Enda kituo cha afya wiki hii kama kuna homa, jasho la usiku, kilo kupungua, kinundu mugongoni, maumivu yanayokuamusha usiku, kama uliwahi kuugua kansere, ao kama ni mutoto anayeumwa mugongo.

Ukifika, sema mambo matatu: ilianza siku gani, inashuka mpaka wapi, na dawa gani umekwisha kuchukua, hata za farmasi na za kienyeji. Bila ile ya tatu, munganga anaweza kupotea njia. Kama wiki sita zimepita na hakuna mabadiliko, omba barua ya kutumwa kwenye hopitali kuu ya zone yako ya afya.